Umeme Tuli katika Vitu vya Kila Siku: Maelezo na Maneno Yake, kwa Mifano ya Singida

Mkoa wa Singida umo katika uwanda wa juu wa kati ya Tanzania, na mji wake uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, ambazo aghalabu huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo huja miezi mingi ya ukavu na upepo, hata majani yakavunjika mkononi kama kaki. Katika miezi hiyo mtu akivua sweta ya nailoni gizani husikia nguo ikitatarika, na pengine huona cheche ndogo za rangi ya buluu zikiruka kati ya sweta na shati. Akichana nywele kwa kitana cha plastiki, nywele humsimama. Akiinuka juu ya kiti cha plastiki na kushika komeo la chuma la mlango, hupigwa kidoleni, na neno limtokalo ni moja: shoti. Mkaazi wa Tanga au wa Lindi aweza kuishi miaka mingi asione mambo haya ila mara chache, kwa sababu hewa ya pwani ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima.

Jambo hili wataalamu huliita umeme tuli. Makala haya yakusudia kueleza namna umeme huo unavyojikusanya katika vitu tunavyovitumia na namna unavyotoweka, na kuyapima njiani maneno ambayo Kiswahili kimeyachagua kwa kulieleza. Kazi hizi mbili haziachani. Mwanafunzi aliyefundishwa ya kuwa umeme ni kitu kijacho kwa waya kutoka nguzoni hataamini kwamba umo katika sweta yake; na mwenye duka auzaye petroli kwa madumu katika kijiji kisicho na nguzo hata moja aweza kudhani kwamba hatari ya umeme haimhusu. Kosa lake hilo limo katika neno kabla ya kuwamo katika fizikia, na ni kosa liwezalo kuunguza nyumba.

Tuanze na neno lenyewe. Kabla ya waya na taa, umeme ulikuwa ule wa mawinguni tu, na msikilizaji hawezi kuacha kuona undugu wake na vitenzi kama kumeta na kumetameta. Lugha yetu iliugawa msukosuko wa mvua kwa makini: umeme ni mwanga, ngurumo ni sauti, na radi ni lile pigo lishukalo likapasua mti. Neno radi asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni ngurumo. Waswahili walilihamisha kutoka sikioni wakalipeleka kwenye pigo. Nguvu mpya ilipoletwa na mitambo, umeme ulitwaa jina hilo bila ya ubishi mwingi, ingawa Wakenya wengi mpaka leo husema stima, neno lililoshuka kutoka katika meli na mashine za mvuke. Kwa bahati, neno umeme lilichaguliwa vizuri kuliko walivyojua waliolichagua, kwa sababu cheche ya sweta na umeme wa wingu ni kitu kimoja kwa jinsi, tofauti yao ni ya ukubwa.

Lakini liko neno jingine ambalo Kiswahili kilikuwa nalo zamani na ambalo lilikuwa karibu zaidi na umeme tuli, nalo ni kaharabu. Hiyo ni ile gundi ya miti ya kale iliyogeuka kama jiwe, yenye rangi ya asali, ambayo hufanywa shanga na tasbihi. Wafursi waliiita kwa jina lenye maana ya mpokonya makapi, kwa kuwa ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta mabua na manyoya. Waarabu walilichukua jina hilo, na kutoka katika kaharabu wakaita umeme kahraba. Mswahili aishiye Maskati hulisikia kila siku. Wayunani nao waliiita kaharabu elektron, na yasemwa kwamba Thales wa Mileto aliona uvutaji wake yapata miaka 600 kabla ya Kristo. Mwaka 1600 daktari Mwingereza William Gilbert alionyesha kwamba kioo, salfa na vitu vingine vingi huvuta vivyo hivyo, akaviita kwa jina la Kilatini lililotokana na neno hilo la Kiyunani. Basi nusu ya dunia huuita umeme kwa jina la jiwe lisuguliwalo, na sisi twauita kwa jina la mwanga wa wingu. Mwarabu na Mwingereza, katika jina lenyewe, wamekumbushwa umeme tuli. Mswahili hana budi kuelezwa.

Maelezo yenyewe ni haya. Kila kitu kimefanywa kwa atomu, na kila atomu ina kiini chenye umeme wa namna moja na elektroni zenye umeme wa namna ya pili, kwa kipimo sawa, hata zikafutana na kitu kikaonekana hakina umeme wowote. Vitu viwili vya namna mbalimbali vikigusana, kimoja hupenda elektroni zaidi ya kingine, na chache huvuka. Vikiachanishwa, kimoja hubaki na ziada na cha pili hubaki na upungufu. Hapo hapakuumbwa kitu, pamehamishwa tu. Watu husema kwamba umeme huu hutokana na kusugua, na vitabu vingi vya shule hurudia hivyo, lakini asili yake ni kule kugusana. Kusugua huzidisha sehemu zinazogusana, ndiyo maana husaidia. Nywele, sufu na nailoni hupoteza elektroni kwa urahisi. Poliesta na plastiki ya mifuko na ya madumu huzipokea. Pamba imekaa katikati. Kwa hiyo mwenye shati la nailoni chini ya sweta ya poliesta, kama zilivyo nguo nyingi za mitumba, amejivika mtambo mdogo wa umeme, lakini mwenye kanga ya pamba aweza kuivua na kuivaa bila ya kusikia kitu.

Yafaa kuangalia kwa makini wakati wa kuachana. Mtu aketipo juu ya kiti cha plastiki, elektroni zimekwisha vuka, lakini umeme wa suruali na umeme wa kiti ziko karibu mno hata zikazuiana. Ainukapo, anavitenga vile viwili vinavyovutana, na kazi ya kuvitenga hugeuka kuwa msukumo wa umeme, ambao hupimwa kwa volti. Wingi wa umeme haukuongezeka hata chembe, bali volti zimepanda kwa maelfu. Ndiyo sababu mtu hapigwi akiwa ameketi, wala akiwa anaketi, bali baada ya kuinuka.

Wingi huo wa umeme uliomo katika kitu sasa huitwa chaji, na hapa sina budi kulalamika kidogo. Neno hili limeingia kwa mlango wa simu. Kila mtu huchaji simu, na kwa hiyo mwanafunzi asikiapo kwamba kitana kina chaji hufikiri kwamba kimejazwa kama betri. Lakini betri iliyojazwa haina ziada wala upungufu wa elektroni. Jumla yake ni ileile iliyokuwa nayo ilipokuwa tupu, na kilichoongezwa ni nguvu ya kikemikali. Kitana hakina nguvu ya kuwasha hata taa, ila kina ziada ya kweli. Neno moja labeba mambo mawili yasiyofanana. Na tulikuwa na neno jingine mkononi: Kiarabu cha wanafizikia huita chaji shihna, na neno hilo hilo Waswahili wanalo tangu zamani za majahazi, nalo ni shehena. Shehena ya umeme ingetuonyesha mara moja kitu kilichopakiwa juu ya chombo na kiwezacho kupakuliwa. Sasa ni kuchelewa. Chaji imekwisha shinda, hata katika vitabu vya sayansi, wala sitashindana nayo katika makala haya. Lakini mwalimu wa Singida aweza kusema mara moja mbele ya darasa kwamba chaji ni shehena, kisha akaendelea.

Shida ya pili ni ya kurithi. Mwaka 1733 Mfaransa Charles Du Fay alitambua kwamba umeme huu una namna mbili, na kwamba vitu vya namna moja husukumana na vya namna mbili huvutana. Benjamin Franklin wa Marekani, katika miaka ya 1740, aliziita namna hizo za kuongeza na za kupunguza, akafanya makadirio ya upande upi ndio wenye ziada. Makadirio yake yaliangukia upande usio. J. J. Thomson alipoigundua elektroni mwaka 1897, ikaonekana kwamba chembe ihamayo ni ya namna ile iliyopewa alama ya kutoa. Kwa hiyo katika Kiswahili kama katika lugha nyingine, kitu chenye ziada ya elektroni huitwa hasi, na kilichopungukiwa huitwa chanya. Msomaji wa lugha atafuta upungufu katika hasi na asiupate.

Turudi kwa vitu. Kitana chenye chaji huvuta vipande vya karatasi ambavyo havina chaji. Hapa elektroni za karatasi husogea kidogo ndani ya karatasi yenyewe, upande ulio karibu na kitana ukawa wa namna iliyo kinyume, nao ukavutwa kuliko upande ulio mbali unavyosukumwa. Mara nyingine kipande kikiisha kugusa kitana hupokea chaji ya namna ileile, kikaruka kama panzi. Vumbi huvutwa kwa njia hiyo hiyo. Wakulima wa alizeti, zao ambalo Singida inajulikana kwalo Tanzania nzima, huanika na kupepeta juu ya maturubai ya plastiki, na makapi mepesi hung'ang'ania turubai hata upepo usiyaondoe. Juu ya mkeka wa ukindu yasingeng'ang'ania hivyo. Ile mifuko myembamba ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019 ilikuwa na tabia hiyo hiyo ya kuganda mkononi, na sikusikia mtu aliyeililia kwa hilo.

Sasa juu ya wingi na ukubwa. Mwili wa mtu waweza kubeba volti 5,000 katika siku ya ukavu bila ya mwenyewe kujua, na kidole hakihisi cheche mpaka volti zifikie karibu 3,000. Waya wa nyumbani una volti 230 tu, nao huua. Jambo hili huwashangaza wanafunzi, na linastahili kuwashangaza. Volti ni kama kimo cha maji, si wingi wake. Tone lidondokalo kutoka juu ya majabali makubwa yaliyouzunguka mji wa Singida limetoka juu sana, lakini ni tone. Katika volti 5,000 mwili wa mtu una ziada au upungufu wa elektroni zipatazo trilioni 5. Hesabu hii yaonekana kubwa, lakini hupita zote katika muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kisha hakuna zaidi. Waya wa nyumbani haukomi kuleta.

Umeme huu hutoweka kwa njia kadha. Ulio wa ghafula ni ule wa cheche: hewa kavu ya usawa wa bahari huvumilia kiasi cha volti 30,000 kwa kila sentimita, na hewa nyepesi ya uwandani huvumilia pungufu kidogo, msukumo ukizidi hapo, hewa yenyewe huvunjika na kuwa njia. Lakini chaji nyingi hazifi kwa cheche. Huvuja polepole, hasa juu ya uso wa kitu. Hapa yafaa kusahihisha usemi mmoja uliozoeleka, kwamba hewa yenye unyevu hupitisha umeme. Mvuke wa maji hewani haupitishi umeme kwa kiasi cha kutajwa. Kitendacho kazi ni utando mwembamba mno wa maji ambao hujishika juu ya plastiki, mbao na nguo, na utando huo, ukiwa na chumvi na uchafu kidogo, huwa njia ya kuchuruzikia. Unyevu wa hewa ushukapo chini ya asilimia 40 hivi, utando huo hukatika, na chaji hukosa pa kupita. Ndiyo maana alasiri ya Septemba huzidi alfajiri yake kwa umeme tuli. Usiku cheche huonekana zaidi kwa ajili ya giza tu.

Njia ya mwisho ni miguu. Mtu aendaye miguu mitupu juu ya sakafu ya udongo hawezi kukusanya chaji, maana kila kinachoingia hushuka ardhini katika sehemu ndogo ya sekunde. Ndara za plastiki na yeboyebo humtenga mtu na ardhi, na chaji yake yaweza kukaa sekunde nyingi, pengine dakika. Katambuga, viatu vikatwavyo katika mipira ya magari, vimo katikati: mpira wa gari huchanganywa na masizi, ambayo ndiyo yaupao weusi, na masizi hupitisha umeme kidogo. Katika jambo hili mchunga ng'ombe wa Iramba mwenye katambuga amevaa vizuri kuliko karani mwenye viatu vya soli ya plastiki.

Kitu kipitishacho umeme huitwa kipitishi, na kisichopitisha huitwa kihami. Neno hili la pili limetoka katika kuhami, yaani kukinga, nalo ni zuri kwa fundi wa waya, ambaye plastiki humkinga kweli. Kwa umeme tuli sifa hiyo hupinduka, maana kihami ndicho kikusanyacho na kushikilia chaji, na kipitishi ndicho kiletacho salama. Kuhusu neno tuli nina shaka ndogo: umeme huu ni mtulivu kwa muda tu, na mtu huujua pale utulivu wake uishapo. Ningependelea umeme uliotuama, kwa mfano wa maji ya dimbwi, ambayo yamekusanyika, yamezuiliwa, na yatapita yakipata mfereji. Hata hivyo, tangu Taasisi ilipotoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, walimu wamekuwa na mahali pa kuegemea, na kuvuruga istilahi kila mwaka ni hasara kuliko neno lenye dosari. Yatosha mwalimu kutaja dimbwi.

Nimesema kwamba kosa la neno laweza kuunguza nyumba, na sasa nilieleze. Katika vijiji vilivyo mbali na vituo vya mafuta, petroli ya pikipiki huuzwa kwa madumu na chupa za plastiki. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa kwa kadiri ifaayo huwashwa na cheche yenye nguvu ya robo ya milijuli hivi. Cheche ya mwili wenye volti 3,000, ile ambayo kidole chaihisi kwa shida, ina zaidi ya mara mbili ya nguvu hiyo. Mafuta ya taa si hivyo: hayatoi mvuke wa kutosha mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi, lakini petroli hutoa mvuke uwashikao hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mtu aliyezoea mafuta ya taa miaka yote, akamimina petroli kwa mazoea yale yale, amebadilisha mnyama bila ya kubadilisha kamba.

Petroli yenyewe hujikusanyia chaji ipitapo katika mpira au mdomo wa plastiki, na mwendo wa kasi huzidisha. Dumu la plastiki lililo juu ya zulia au plastiki nyingine halina pa kuitolea. Lililo baya kuliko yote ni faneli ya bati iliyowekwa juu ya dumu la plastiki: bati ni kipitishi, kwa hiyo hukusanya chaji yote mahali pamoja, na kwa kuwa limetengwa na ardhi, huitoa yote kwa pigo moja kwa kidole cha kwanza kilisogelealo, nalo li katikati ya mvuke. Basi dumu na liwekwe chini, juu ya udongo, kamwe lisijazwe likiwa ndani ya gari, mwenye kumimina na aguse kwanza chuma kilichosimama ardhini, mbali na mvuke, amimine polepole, wala asivue sweta karibu na mafuta. Mabango ya vituo vingi hukataza simu, na hapana ubaya kuyatii, lakini wachunguzi wa Marekani waliochambua moto wa vituo vya mafuta waliona mkosaji ni cheche ya mwili wa mtu aliyerudi kuketi garini na kuinuka tena ili kushika bomba.

Kwa mafundi wa simu mambo huenda kinyume: hakuna moto, ila hasara isiyoonekana. Sehemu nyingine za ndani ya simu huharibika kwa chaji ya volti zisizofika 100, ambazo mkono wa fundi hauwezi kuzihisi kamwe. Fundi aliyeketi juu ya kigoda cha plastiki mwezi wa Agosti aweza kuiua simu aliyokuja kuiponya, kisha akasema kifaa kililetwa kibovu. Waya mwembamba kutoka kifundoni mwa mkono mpaka ardhini, wenye kizuizi cha kumkinga yeye mwenyewe, ungemwondolea lawama.

Waya wa namna hiyo mafundi wetu huuita ethi, kwa Kiingereza kilichopinda, ingawa ardhi ni neno letu na maana ni ile ile. Magari ya mafuta yapitayo Singida kutoka Dar es Salaam na Dodoma kwenda Nzega, Mwanza na hata Rwanda hufungwa waya huo kabla ya kushusha shehena yake. Wako wanaoburuza mnyororo barabarani kwa kusudi hilo hilo, lakini mnyororo juu ya lami kavu husaidia kidogo tu, na mipira yenye masizi imekwisha fanya kazi yake. Waya wa kituoni ndio utendao kazi, mradi ufungwe kabla ya kufungua vali, na usifunguliwe mpaka vali imefungwa.